Mtu Aliyekalia Kinu

Kamina, jioni ya kuamkia safari yako

Banza mwanangu, tata wangu,

Umetoka kwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na baba yako yuko stesheni anaulizia behewa lako, kana kwamba mtu aliyefunga breki za treni nusu ya maisha yake hajui treni ya kesho inaondokea wapi. Basi nimepata nafasi. Sitakuandikia habari za kufua mashuka wala za kujihadhari na marafiki wabaya. Hayo baba yako atakuimbia mpaka magurudumu yaanze kuzunguka. Samaki wakavu nimekwisha kuwafunga, usimpe mtu njiani. Mimi nina neno moja tu, na limenikaa kooni tangu siku uliporudi kutoka Elisabethville ukasema umepata kazi.

Unaikumbuka siku ile. Ulikaa kwenye kiti cha baba yako, jambo ambalo hukuwahi kulifanya, ukaanza kueleza. Profesa amekuchagua wewe uwe msaidizi wake wa utafiti pale chuo kikuu. Mtakwenda pamoja vijijini, utawauliza wazee, utatafsiri, utaandika. Baba yako alikuwa anajipiga goti polepole kwa furaha. Kisha ukafika kwenye ofisi ya Profesa na mambo uliyoyaona humo.

"Mama, huyu muzungu haiko sawa na bale bengine," ulisema. "Balimupokea kabisa. Ku ukuta iko foto yake ya zamani. Amekala juu ya kinu, ba mama banamuzunguka, bamemupakaa mweusi ku uso muzima. Anasema ba mama ba kwetu, kule karibu ya Bukama, njo balimufanya mukwe wabo."

Nikasema nakwenda kuchota maji. Mtungi ulikuwa umejaa. Nilikaa nyuma ya jiko, nikajiziba mdomo kwa kitenge, nikacheka mpaka machozi yakanitoka, na kicheko kilipokwisha machozi yakaendelea. Niliporudi ulidhani ni furaha ya mzazi, ukanikumbatia. Sikukusahihisha.

Ile picha, Banza, niliipiga mimi.

Ndiyo, mama yako huyu anayeuza mihogo na mafuta ya mawese sokoni. Kabla hujazaliwa nilikuwa na kazi hiyo hiyo unayoiendea, na kwa mtu huyo huyo. Wakati ule hakuwa na mvi wala ofisi. Alikuja kutoka Ulaya na masanduku yake, akafikia Bukama, na watu wakamwita Bwana Mapicha. Alitaka kuandika habari za chale za wanawake wa Kiluba, zile za tumboni na mgongoni, nani huchanjwa, lini, kwa nini. Alipowauliza wanaume, walitazama chini. Alipowauliza wanawake mwenyewe, walikimbia. Masista wa misioni wakamwambia yuko binti mmoja aliyeolewa juzi na mtu wa reli, anajua Kifaransa kidogo na kushona. Hivyo ndivyo nilivyopata kazi. Baba yako aliridhia. Alisema elimu yangu isiozee kwenye sufuria.

Sitakudanganya, kazi hii ni tamu. Usimwamini mtu atakayekuambia ni utumwa tu, wala yule atakayekuambia ni heshima tupu. Nilikuwa mwanamke mdogo asiye na mtoto bado, na ghafla nikawa na ruhusa ya kuuliza. Unajua kwetu mtoto hamwulizi mkubwa mambo ya mwili wake. Lakini swali likiwa la mgeni, mimi nikiwa mdomo wake tu, mabibi vikongwe waliniambia mambo ambayo wangekufa nayo. Nilimjua mama yangu kwa maswali ya mzungu. Nilijua kwamba alipochanjwa aling'ata kipande cha mti hadi kikakatika, kwamba hakulia, kwamba kabla ya babu yako alimtaka mvuvi mmoja wa ziwa Kisale na wazazi wakakataa. Ningejuaje hayo? Ningemuuliza nani? Jioni nilikuwa narudi nimejaa, sisikii njaa.

Na Bwana Mapicha alinisikiliza. Hilo nalo ni kweli, ingawa namchukia. Nikisema jambo, alinyamaza akangoja nimalize. Mpaka leo wanaume walionifanyia hivyo ni wachache, na baba yako ndiye wa kwanza. Alinifundisha mashine ya picha. Nilikuwa naingiza kichwa chini ya kile kitambaa cheusi, naona kijiji chote kimepinduka kwenye kioo, kuku wanatembea juu, mbingu iko chini. Nilikuwa nacheka peke yangu humo ndani.

Sasa nikuambie uchungu wake, kwa sababu utamu utauona mwenyewe bila msaada wangu.

Uchungu wa kwanza ni kwamba utakuwa mlango. Watu hawatamfungulia yeye, watakufungulia wewe. Wataona pua ya baba yako na mwendo wangu, watauliza wewe ni wa nani, watasema, aa, huyu ni wetu, na yeye ataingia nyuma yako na viatu vyake. Akitoka amevunja kitu, yeye ana treni. Wewe una ndugu.

Uchungu wa pili hakuna aliyeniambia, niliupata kwa kichwa changu. Nilikuwa namsafishia maneno. Yeye alikuwa akisema, "Mwambie huyu avue nguo, jua linakwenda." Mimi nikawa nasema, "Mama, mgeni anakuomba kwa heshima, kama utapenda, apate kuona kazi ya mikono ya wazee wetu." Yeye akisema, "Huyu mzee anadanganya," mimi nikasema, "Mgeni anaomba umweleze tena, hakuelewa vizuri." Nilidhani natenda wema. Kumbe nilikuwa nampaka asali. Wanawake wa kwetu hawakumjua mtu yule hata siku moja. Walimjua mtu niliyemtengeneza mimi, mpole, mwenye adabu, nao wakamwamini mtu huyo ambaye hayuko popote. Banza, ukitafsiri, usimsafishie. Akisema ovyo, wasikie ovyo. Wajue wanakula na nani.

Ndivyo nilivyompeleka kwa mama yangu, nkambo wako Numbi.

Nkambo wako alikuwa na chale ambazo watu walizisema mpaka Luena. Aliyemchanja alikuwa fundi mwanamke, naye alikuwa amekwisha kufa. Sisi watoto wa misioni hatukuchanjwa, masista walikataa. Mama alikuwa anatuchokoza, "Nyinye ngozi yenu iko butupu, bwana yenu anasoma nini usiku?" Lakini nyuma ya mzaha ule alikuwa na huzuni. Alijua zitazikwa naye. Nilipomwambia Bwana Mapicha anaweza kuziweka kwenye kioo zikae, alifikiri siku nzima.

"Nani atabiona?" aliuliza.

Nikamuuliza Bwana Mapicha. Akasema ni wasomi wachache tu, kwao Ulaya, zitakaa ndani ya sanduku. Nikamgeukia mama nikasema, "Mama, hakuna mwanaume wa huku atakayeziona. Nakuahidi." Neno la kuahidi halikutoka kwake. Nililiongeza mimi, ili liwe tamu.

Mama akashusha kitambaa chake mpaka chini ya kitovu, akasimama wima uani kwake, akatazama mbele na uso mkavu. Bwana Mapicha akapiga picha. Akampa chumvi na kipande cha kitambaa cha bluu.

Mwaka uliofuata nilikuzaa wewe, hapa Kamina. Nilikaa hospitali siku kadhaa kwa sababu ulikuja vibaya, miguu mbele, mbishi tangu mwanzo. Baba yako alikuwa peke yake nyumbani na hakujua aifanyie nini furaha yake. Akaipaka nyumba chokaa. Akanunua sahani mpya. Na kwenye duka la Mgiriki mmoja karibu na stesheni akakuta kadi za kutuma kwa posta, zimepangwa kwenye waya, treni, daraja la Bukama, tembo. Moja ilikuwa ya mwanamke wa kwetu, amesimama uani, chale zake zimechorwa vizuri tumboni. Baba yako akaona ni kitu kizuri, cha kunikumbusha nyumbani. Akainunua, akaitundika ukutani juu ya kitanda chetu, pembeni ya picha ya Bikira Maria.

Usimcheke baba yako, wala usimlaumu. Wewe umekulia hapa kwenye nyumba za reli, watu wa kila kabila, mkwe na mkwe wanasalimiana kwa mkono kama makarani. Sisi hatukulelewa hivyo. Baba yako hakuwahi kumtazama mama yangu usoni. Akimwona njiani aliingia porini. Akipeleka nyama, aliiweka mlangoni akaondoka. Alimjua kwa sauti, alimjua kwa kikohozi, alimjua kwa kitambaa cha kichwani akiwa mbali. Uso wake hakuujua. Mtu mwenye adabu ndogo kuliko yake angemtambua mara moja. Heshima yake ndiyo iliyomtundika mkwe wake uchi juu ya kitanda chake.

Mama alipanda treni kutoka Bukama kuja kukuogesha. Kwetu mama wa mzazi ndiye anayemwogesha mtoto wa kwanza akitoka ndani. Alileta majani yake na mafuta yake kwenye kibuyu. Baba yako, kwa adabu, alitoka nyumbani asubuhi ili wasikutane, akamwacha jirani yetu Mama Kalenga amfungulie. Mama Kalenga ndiye aliyenisimulia. Mama aliingia, akaisifu chokaa, akaweka kibuyu chini, akainua macho.

Alisimama, asema Mama Kalenga, mpaka yeye akadhani mgeni wetu ameugua. Kisha akauliza kitu kimoja tu.

"Hii nyumba, njo mukwe wangu analala humu?"

"Njo humu, mama."

Akachukua kibuyu chake akatoka. Alikaa stesheni, kwenye mchanga, nyuma ya rundo la makaa ya mawe, amejifunika kichwa, mpaka treni ya kurudi ikaja. Mimi nilifika kesho yake nikiwa nimekubeba. Niliiona kadi ile kabla sijakulaza chini. Chini yake waliandika kwa Kifaransa: mwanamke wa Kiluba. Jina hakuna.

Nilipomwambia baba yako ni nani, alikaa chini palepale alipokuwa. Hakula kwa muda mrefu. Alisema, "Minyi niliona iko picha muzuri tu. Minyi sikujua. Ngoie, minyi sikujua." Alikwenda Bukama na jembe na mbuzi, akasimama nje ya ua wa mama usiku na mchana, mpaka wazee wakapokea wakasema yamekwisha. Mama alimsamehe. Lakini hakuja tena Kamina. Uliuliza mara nyingi ulipokuwa mdogo kwa nini nkambo haji kwetu, nikakuambia anaogopa treni. Hakuogopa treni. Aliona haya ya nyumba hii. Alikufa bila kuingia tena mlango wangu, na wewe uliogeshwa na Mama Kalenga, mtu mwema, asiye ndugu.

Kiangazi kilichofuata Bwana Mapicha akarudi. Alikuja mpaka hapa, mlangoni, na mfuko wa peremende za mtoto. Nikamwonyesha kadi. Nilidhani ataona haya. Aliishika, akaigeuza, akasema, "Imechapwa vizuri, siyo?" Kisha akaniambia alimwuzia mtu wa kadi baadhi ya vioo vya picha kwa sababu safari ni ghali. Hakuficha, kwa kuwa hakuona cha kuficha. Nilijaribu kumweleza habari za mkwe. Alitoa kalamu akaanza kuandika. Alisema, "Hii ni muhimu sana, endelea." Machozi yananitoka, naye ananiambia nisiende haraka.

Hapo ndipo nilipomchukia, na sijapumzika. Nikamwambia, ndiyo Bwana, twende Bukama, wanawake watakuonyesha mengine.

Nilimtangulia siku moja. Niliwakuta mama na dada yake mkubwa, Mama Kapya, yule mfinyanzi wa vyungu unayemkumbuka kwa ulimi wake, wanaloweka mihogo mtoni. Nikawaambia anarudi, anataka desturi zaidi. Mama aliendelea kuzamisha mihogo. Mama Kapya akacheka kwa pua.

"Anapenda desturi? Muache akuje. Tutamupa desturi."

Basi ujue jambo ambalo Profesa wako hajui. Kule kwa mama zangu, mwanaume asiye na haya, anayechungulia wanawake wakioga au anayemvunjia mkwe wake heshima, wanawake humkamata wenyewe bila kuuliza wazee. Humkalisha juu ya kinu kilichopinduliwa. Humpaka masizi ya chini ya chungu. Humzunguka wakimwimbia kila aibu yake, tangu vidole vya miguu mpaka mama aliyemzaa. Naye hashuki mpaka aseme mwenyewe jina la mwanamke aliyemkosea, aseme, mama fulani, nisamehe. Akishuka bila kusema, kwa hesabu ya wanawake hajashuka. Atatembea, ataoa, atazeeka, lakini yuko juu ya kinu, na kila mwanamke atakayemwona atamwona yuko juu ya kinu.

Kesho yake alipofika, walimfanyia yote. Alikaa mwenyewe, kwa furaha, akauliza tu kama miguu iwe pamoja. Mama Kapya akampaka masizi kwa mikono miwili kama anafinyanga. Waliimba juu ya miguu yake yenye manyoya. Waliimba juu ya macho yanayokula chakula kisichopikwa kwa ajili yao. Alikuwa anatikisa kichwa akifuata ngoma. Akaniuliza kwa Kifaransa maana yake ni nini. Nikamwambia ni jambo wanalofanyiwa wakwe. Sikumwambia wakwe wa namna gani.

Mama Kapya alikuwa mkali lakini hakuwa dhalimu. Alizinyamazisha nyimbo, akamsogelea, akamwuliza kwa Kiswahili ili aelewe mwenyewe, nisiwe katikati.

"Bwana. Uko na neno ya kusema? Uko na mutu ya kutaja jina?"

Nilimtazama mama. Alikuwa amesimama nyuma ya wengine, karibu na ghala, amevaa kile kitambaa cha bluu. Kama mgeni angetaja hata nusu ya jina lake, nadhani mama angekwenda kumshika mkono amshushe.

"Ndiyo," akasema Bwana Mapicha. "Minyi nashukuru sana. Minyi nafurahi mingi."

Wanawake walianguka chini kwa kicheko. Mama hakucheka. Aligeuka akaenda zake nyumbani. Naye Bwana Mapicha akaniita niingie chini ya kitambaa cheusi nipige picha kabla masizi hayajatiririka kwa jasho. Nikaingia. Nilimwona amepinduka, kichwa chini, kinu juu, anatabasamu. Nikabonyeza. Ndiyo picha uliyoiona.

Aliandika kitabu kizima juu ya siku ile, wewe umekisoma, ndicho kilichompa jina. Umeniambia wanafunzi wanafundishwa humo kwamba Waluba humpokea mgeni kwa kumkalisha kwenye kinu. Sasa utakaa karibu na mtu huyo kila siku. Atakupa kurasa zake uzinakili, atakupeleka Bukama, atakuuliza hili na lile. Nawe ni msomi. Najua ulivyo, ukiona hesabu ya jirani ina kosa hulali. Elimu yako itakuuma. Utataka kusema, Profesa, samahani, hapa si hivyo.

Nakuomba usiseme.

Padri ananiambia nisamehe. Nimemwambia nitasamehe nikiombwa. Sijaombwa. Anasema kisasi ni cha Bwana. Sawa, lakini Bwana hakuoga na mama yangu mtoni, mimi nilioga naye. Najua pia kwamba uongo huo umekaa juu yetu sote, kwamba mtoto wa Kiluba atausoma shuleni akadhani ndivyo tulivyo. Hilo linanichoma. Nimeliweka kwenye mizani pamoja na mama yangu aliyejifunika kichwa nyuma ya makaa ya mawe, na mizani imelala upande wa mama. Labda wewe ungepima vingine. Nilifikiri hata kukuzuia usiende. Nikajijibu, miaka yote hii nimengoja mtu wa kwetu aingie chumba kile, na leo anaingia kwa mguu wake, tena analipwa.

Nilifikiri pia kukuambia utafute vile vioo uvivunje. Nimeacha. Mama alitaka chale zake zikae. Ukivipata, tafuta cha kwake, na umtazame. Baba yako hawezi, na mimi nikimtazama nageuza macho. Lakini wewe ni mjukuu. Tulipomtembelea Bukama alikuwa anakuita mume wangu, anakunyang'anya mhogo mdomoni, anakuambia nikizeeka utanibeba. Kati yako na yeye hakuna mwiko. Mtazame vizuri, kwa niaba yetu, utanisimulia.

Kesho treni itasimama Bukama. Usishuke, haikai sana. Fungua tu dirisha.

Na ukifika ofisini, ukamkuta pale ukutani na masizi yake, usicheke. Mfanyie kazi vizuri, umshinde kwa kazi, jifunze kila anachokijua, maana anajua mengi. Siku moja atasimama mbele ya picha ile akueleze jinsi alivyopendwa. Huenda akakuuliza masizi maana yake nini, kinu maana yake nini. Mwambie ni heshima kubwa. Akiuliza nyimbo, mwambie ni baraka. Mpe kinu chake, mpe masizi yake, azeeke navyo.

Ila siku atakapokuuliza kitu kingine, siku atakapotoa kadi ile au kioo kile akasema, Banza, mwanamke huyu alikuwa nani, aliitwa nani, hapo usifiche tena. Mwambie yote niliyokuandikia. Mwambie aliitwa Numbi, mama wa Ngoie aliyekupigia picha, nkambo wangu. Na kama mdomo wake utaweza kulitamka jina hilo na neno moja baada yake, mshike mkono umshushe.

Asipouliza, mwache. Bado yuko juu ya kinu.

Mama yako,
Ngoie